Great Big Sea na Muziki wa Newfoundland: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nilikaa St. John's miaka mitatu na nusu kwa masomo, nikarudi Tanga na diski sita za bendi moja. Tangu hapo kila anayepanda gari langu huuliza maswali yaleyale, na wachache huomba nizime. Nimeona bora niyaandike majibu mahali pamoja. Sikuyapanga kwa uzito, nimeyaacha yafuatane jinsi watu wanavyoyauliza.

Great Big Sea ni akina nani?

Ni bendi ya mjini St. John's, katika kisiwa cha Newfoundland, pembe ya mashariki kabisa ya Kanada. Walianza 1993 wakiwa vijana wanne. Alan Doyle alipiga gitaa. Séan McCann alipiga gitaa na bodhrán, ngoma nitakayoieleza huko mbele. Bob Hallett alishika fidla, kodiani, filimbi, mandolini na chochote kingine alichokabidhiwa, na Darrell Power akawa kwenye besi. McCann, Hallett na Power walikuwa wameshapiga pamoja katika bendi iliyoitwa Rankin Street. Doyle yeye alitokea Petty Harbour, kijiji cha wavuvi kusini mwa mji.

Wote wanne waliimba. Mtu akiniuliza bendi hii ina nini ambacho nyingine hazina, sianzi na fidla, naanza na koo nne.

Jina lao lina maana gani?

"Bahari kubwa sana", kwa maneno ya kawaida. Limetoka kwenye wimbo wa kale wa kisiwani unaosimulia bahari iliyofura ikaingia pwani ya Long Beach, na Bibi Snooks, kwa mshituko, akapoteza usemi. Msiba mzima umefungwa katika mistari miwili na kiitikio cha maneno yasiyo na maana, na watu wanaupigia makofi. Shika tabia hiyo, utaikuta tena katika nyimbo zao nyingi.

Sasa hao ni Waayalandi au Wakanada?

Kwa pasipoti ni Wakanada. Ila Newfoundland iliingia Kanada tarehe 31 Machi 1949 tu, baada ya kura ya 1948 iliyopita kwa asilimia 52 hivi. Kabla ya hapo ilikuwa nchi yake, ikafilisika, na tangu 1934 ikawa inaendeshwa na tume iliyoteuliwa na Uingereza. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa huko 1945 hakuzaliwa Kanada, na nimekutana na wazee wasiokubali ulisahau jambo hilo.

Tazama ramani utaelewa zaidi. Kutoka St. John's hadi Dublin ni kilomita 3,300 hivi, hadi Vancouver ni kama 5,000. Ayalandi iko karibu kuliko upande wa pili wa nchi yao wenyewe. Hata saa yao haifuati ya jirani, imetangulia nusu saa mbele ya majimbo mengine ya mashariki. Mara ya kwanza nilidhani simu yangu imeharibika.

Waayalandi walianza kufika kwa wingi katika miaka ya 1700, wengi wakitoka kusini-mashariki mwa Ayalandi: Waterford, Wexford, Kilkenny, Tipperary, Cork. Walikuja kwa ajili ya samaki. Kwa lugha yao ya Kigaeli kisiwa kiliitwa Talamh an Éisc, yaani Nchi ya Samaki. Vijiji vingine vilijazwa na Waingereza kutoka Devon na Dorset, na nyimbo zao nazo zikaingia chungu kimoja. Anayekwambia muziki wa Newfoundland ni wa Kiayalandi mtupu amekunyima nusu ya sahani.

Na hiyo "Kikelti" ni nini?

Ni jina la rafu dukani. Wakelti walikuwa watu wa kale wa Ulaya, na leo neno hilo hubandikwa muziki wa Ayalandi, Uskoti, Wales, Brittany na popote wahamiaji wao walipofika. Mvuvi wa Petty Harbour aliyeimba jikoni kwake mwaka 1930 hakujua kama anaimba Kikelti. Alikuwa anaimba tu.

Kwa nini kila habari ya bendi hii inataja mwaka 1992?

Kwa sababu mwaka ule kisiwa kilipigwa teke la tumbo.

Kwa miaka mia kadhaa Newfoundland iliishi kwa samaki mmoja, cod. Mpaka leo ukisema "samaki" kule bila kutaja jina, umemtaja huyo. Aina nyingine ndizo zinazohitaji majina. Baada ya vita vya pili vya dunia zikaja meli kubwa zenye nyavu za kukokota na mitambo ya kugandisha humohumo ndani, zikavua usiku na mchana. Samaki wakapungua, wataalamu wakabishana, na tarehe 2 Julai 1992 serikali ya Kanada ikafunga uvuvi wa cod wa kaskazini. Watu wapatao 30,000 walikosa kazi kwa tangazo moja. Waliambiwa ni miaka miwili. Katazo hilo lilikuja kuondolewa rasmi 2024.

Mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa. Fikiria umeamka asubuhi, mashua ipo, nyavu zipo, bahari ile pale, na kwenda kuvua ni kosa la jinai. Vijiji vikaanza kuhama, vijana wakaenda Alberta, jimbo la magharibi mwa Kanada, kutafuta kazi za mafuta.

Bendi yetu ilipanda jukwaani kwa mara ya kwanza Machi 1993, miezi minane baada ya tangazo lile. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema vijana wale walikuwa wanachezea tu mambo ya babu zao. Walikuwa wanaimba nyimbo za kazi mbele ya watu ambao kazi yenyewe ilikuwa imetoka kuondolewa. Albamu ya kwanza ina wimbo wa maombolezo, "Fisherman's Lament", ambamo mvuvi anasema amemaliza maisha yake baharini na sasa serikali imemnyang'anya. Halafu wimbo mwingine unakuja wa kurukaruka, na ukumbi uleule unainuka kucheza. Nilipokuwa mgeni nilidhani ni kukosa adabu. Baadaye nikakumbuka matanga ya kwetu, jinsi utani unavyoanza kabla machozi hayajakauka.

Nyimbo za asili wamezitoa wapi?

Nyingi wamezikuta nyumbani, kwa wazazi na majirani. Lakini kuna njia nyingine ninayoipenda kuisimulia.

Palikuwa na mfanyabiashara wa St. John's, Gerald S. Doyle, aliyekuwa akiuza dawa za madukani. Mwaka 1927 alichapa kijitabu cha nyimbo za kisiwani akakigawa bure, huku kimejaa matangazo ya dawa zake. Ukurasa huu wimbo wa kuzama kwa meli, ukurasa ule dawa ya tumbo. Matoleo mengine yakafuata, la 1940 na la 1955 yakiwamo. Kwa kuwa hayakuuzwa, yalifika hadi vijiji visivyo na barabara. Wasomi nao walikuja na madaftari yao, Maud Karpeles kutoka Uingereza mwaka 1929 na 1930, kisha Kenneth Peacock katika miaka ya 1950. Walifanya kazi kubwa. Ila ukiniuliza nani aliyezirudisha nyimbo vinywani mwa watu, nitamtaja muuza dawa.

Kijitabu kikawa na athari moja isiyotarajiwa: wimbo uliokuwa na sura kumi katika ghuba kumi ukaanza kuwa na sura moja, ile iliyochapwa. Kuna wanaolalamikia hilo hadi leo, na wana hoja.

"Lukey's Boat" unahusu nini?

Mashua ya Lukey imepakwa rangi ya kijani, nzuri kuliko zote ulizowahi kuona. Lukey anapakia chakula chake cha safari. Anarudi, anaona mapazia ya nyumba yameshushwa. Mke amekufa, ameshazikwa. Jibu linakuja papo hapo: haidhuru, nitapata mwingine majira ya kuchipua. Kisha kiitikio cha "aha, me riddle-i-day" na wote wanapiga miguu chini.

Basi, ndiyo hadithi nzima. Mashua imesifiwa beti nzima, mke kapata mstari mmoja. Kuna waliousikia wakakasirika kwa niaba ya marehemu, dada yangu mmoja wapo. Mimi nauona ni wimbo wa kumcheka Lukey mwenyewe, mwanamume anayependa chombo chake kuliko watu wake, na kila bandari duniani ina Lukey wake. Great Big Sea waliurekodi hata na The Chieftains, wakongwe wa Dublin, mwaka 1998.

Ukitaka mke mwingine anayefariki katikati ya kicheko, kuna "Excursion Around the Bay" wa Johnny Burke, mtunzi wa mitaa ya St. John's aliyeishi 1851 hadi 1930. Watu wawili wanakwenda matembezi kwa meli, bibi anaanza kuugua, na kiitikio ni kilio chake mwenyewe kwamba anakufa. Ukumbi mzima unamsaidia kulia, kwa furaha.

Wanatumia ala gani?

Msikilizaji wa taarabu hatajiona mgeni. Fidla ipo, na kodiani ipo. Ila kodiani yao haina meno ya piano, ina vifungo, na kifungo kimoja hutoa sauti mbili: moja ukisukuma mfuko, nyingine ukivuta. Ndiyo maana muziki wake unapumua harakaharaka, kama mtu anayepanda ngazi. Kuna mandolini, kuna filimbi ya bati yenye matundu sita inayouzwa kwa bei ya soda kadhaa, na kuna busuki, ala ya Kigiriki iliyohamia Ayalandi katika miaka ya 1960 na sasa inajifanya mwenyeji.

Bodhrán ndiyo iliyonishika. Ni ndugu wa dufu: duara la mbao, ngozi ya mbuzi upande mmoja. Lakini hawaipigi kwa kiganja. Mpigaji huketi, huiegemeza pajani, hushika kijiti kifupi chenye vichwa viwili kama anavyoshika kalamu, kisha anazungusha kifundo cha mkono ili vichwa vyote viwili vipokezane kugonga. Mkono wa kushoto uko ndani, nyuma ya ngozi. Ukibonyeza, sauti inapanda, ukiachia, inashuka. Ukiitazama kwa mbele huoni chochote zaidi ya kijiti, kazi nusu imefichwa. Nilijaribu jioni moja. Mwenyeji wangu alinivumilia kama dakika nne, akanipa sahani nikaoshe.

Na kuna ile fimbo ya kienyeji ambayo jina lake kwa Kiingereza ni "fimbo mbaya", kwa sura. Chukua mpini wa ufagio. Chini uvishe buti kuukuu la mpira. Juu weka kopo, lichore macho na mdomo. Katikati pigilia visoda vya chupa kwa misumari, vilegee. Ukiipiga sakafuni buti linatoa mshindo, visoda vinalia kama kayamba, na kwa mkono wa pili unaikwaruza kwa kijiti. Haigharimu kitu, maana kila kilichomo kilishatupwa.

Mbona kuna nyimbo hazina ala kabisa?

Hapo ndipo mahali pangu, nivumilie.

Vijijini ala zilikuwa chache, na baharini ni taabu kubeba. Watu waliimba kwa koo tupu. Pasipo na fidla ya kuchezea dansi, mtu mmoja alikaa pembeni akaiimba fidla kwa mdomo, didl-di, dadl-da, mpaka wachezaji walipochoka. Wanaita muziki wa kidevu. Mabaharia nao walikuwa na nyimbo za kuvutia kamba: kiongozi anatoa mstari, wengine wanaitikia, na kamba inavutwa penye mkazo wa kiitikio. Aliyewahi kusaidia kuvuta jarife anajua kwa nini mkazo lazima uanguke palepale. Great Big Sea wana "General Taylor", wimbo wa aina hiyo. Sauti nne, hakuna gitaa, hakuna ngoma. Anza na huo kabla ya mwingine wowote.

Kuhusu kuimba peke yako kuna desturi moja iliyoniaibisha. Nilialikwa jikoni kwa watu. Kule sherehe hufanyika jikoni, hata kama sebule iko wazi na ina viti vizuri, kwa sababu jikoni kuna moto. Mzee mmoja akaimba hadithi ndefu ya meli, macho ameyafumba, beti kama kumi na tano. Alipofika maneno ya mwisho kabisa, sauti ikakatika: hakuyaimba, aliyasema tu, kama anayemwambia mtu saa. Nikadhani ameusahau wimbo. Kwa huruma nikaanza kumsaidia tuni.

Kimya kikapita jikoni. Kumbe ndivyo wimbo unavyofungwa. Kuyasema maneno ya mwisho ni kuwaambia waliopo kwamba hadithi imekwisha, na aliyekuwa anaimba amerudi kuwa jirani yenu. Mzee alinitazama, akacheka, akanijazia kikombe cha chai. Tangu siku hiyo kila nikisikiliza rekodi za zamani za kule nangojea mwisho, nisikie kama mwimbaji atayasema.

Nacheza vipi? Mdundo wenyewe siuelewi.

Dansi zao kubwa ni mbili. Reel ina hesabu ya nne na inakwenda mbio. Jig ina hesabu ya sita kwa nane, na hapo mtu wa Mombasa au Lamu ana bahati, maana chakacha nayo ni sita kwa nane. Mkazo hauangukii mahali pamoja, nyonga zako zitabishana na fidla kidogo, lakini mguu hautapotea. Wao huacha kiuno na mikono vitulie, kazi yote iko chini ya magoti.

"Mari-Mac" usiuchezee ukiwa umeshiba. Unaanza taratibu, kila ubeti unaongeza kasi, na mwishoni hata waimbaji wanatafuna maneno.

Mbona wana nyimbo za rock za watu wengine?

Wamechukua "Run Runaway" wa Slade na "When I'm Up" wa Oysterband, wakazivisha kodiani na filimbi. Wapo waliowalaumu kwa hilo. Mimi siwalaumu: wimbo wa bendi ya Kiingereza ukipigwa jikoni miaka kumi, ni wa jikoni. Hata nyimbo zinazoitwa za asili zilishuka melini siku moja zikiwa mali ya mtu mwingine.

Je, ni muziki wa walevi?

Rum imo, sikatai. "The Old Black Rum" unajieleza wenyewe, na katika "The Night Pat Murphy Died" kilio cha msiba kinageuka karamu. Wengi walikwenda kwenye maonyesho yao kunywa kwanza, kusikiliza baadaye.

Lakini kuna upande wa pili, na aliyeusema ni mmoja wao. Séan McCann aliacha pombe 2011, akaeleza hadharani kwamba alikuwa mlevi na kwamba alikuwa akijificha humo kwa sababu ya kudhulumiwa na padri alipokuwa kijana. Fikiria kazi yake: usiku baada ya usiku kuimba sifa za rum mbele ya maelfu walioinua glasi, na yeye ndiye anayepigana nayo. Siku hizi anakwenda huku na huku kuzungumzia ulevi na afya ya akili, gitaa mkononi. Tangu nijue hayo sizisikii nyimbo zile kama zamani. Sijaacha kuzipiga.

Nianze na albamu ipi?

"Up" ya 1995, kama unataka kuielewa furaha yao. "Play" ya 1997 ndiyo yenye "Ordinary Day", wimbo wao unaojulikana kuliko wote, nao wameutunga wenyewe. Ukishawazoea nenda "The Hard and the Easy" ya 2005, ambayo ni nyimbo za asili za kisiwani tupu. Hiyo ndiyo iliyojaa mikwaruzo kwenye gari langu.

Zile za mwishoni zina nyimbo chache nzuri. Chagua tu.

Bado wanapiga?

Hapana. Darrell Power aliacha 2003, Murray Foster akachukua besi. Mwaka 2013, katika ziara ya miaka ishirini, McCann alitangaza kuondoka, na bendi haikuendelea bila yeye. Alan Doyle anaimba na bendi yake mwenyewe na amecheza filamu pia. Katika "Robin Hood" ya 2010 yumo pamoja na Russell Crowe, ameshika kinanda cha nyuzi, amefuga ndevu.

Kuna bendi nyingine za Kanada za namna hii?

Tele. The Irish Rovers ndio wazee: walianzia Toronto 1963, wahamiaji kutoka Ayalandi ya Kaskazini, na wimbo wao "The Unicorn" ulivuma Marekani 1968. Kwa Newfoundland yenyewe tafuta Figgy Duff, waliotangulia kuchanganya nyimbo za vijijini na rock. Kisiwa cha Cape Breton, katika jimbo la Nova Scotia, ni habari nyingine, kule asili ni Uskoti na mfalme ni fidla. Anza na The Rankin Family wa Mabou, walioimba hata Kigaeli. Quebec wapo La Bottine Souriante, wanaopiga mdundo kwa viatu wakiwa wameketi. Kila mmoja anastahili ukurasa wake, si huu.

"B'y" ni nini? Naisikia kila wimbo.

Ni "boy" iliyofupishwa, inatamkwa "bai". Usiitafsiri kijana. Inafanya kazi ya "bwana" yetu katika "acha bwana": mzee huambiwa, mtoto huambiwa, hata mwanamke huambiwa. "Yes, b'y" inaweza kuwa ndiyo, inaweza kuwa "wee!", inaweza kuwa "usinidanganye". Sikiliza sauti, usisikilize neno.

Na Newfoundland yenyewe inatamkwaje?

Ulimi wetu huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo sote tunakosea. Wao mkazo wanautia mwishoni kabisa, kwenye "land", na "found" ya katikati wanaimeza. Nilisahihishwa uwanja wa ndege, kabla hata mzigo wangu haujatoka.